Nyungu ya Mawe: Mtu Aliyejitangazia Dola Nyikani Kwetu

Mwaka jana nilikwenda field Manyoni, nyumbani kabisa. Wenzangu wa ualimu mnaelewa. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unaandika andalio la somo kwa tochi ya simu kwa sababu umeme umekatika, na kila gari jeupe likipita nje ya dirisha unadhani ni mhadhiri amekuja kukukagua. Nilipewa Historia, kidato cha pili. Wiki ya tatu nikafika kwenye biashara ya masafa marefu na dola zilizoinuka bara katika karne ya 19. Kwangu hiyo ilikuwa mada ya kuteleza. Nilikuwa na desa langu la tangu sekondari, limenyooka: Mirambo wa Urambo, Nyungu ya Mawe wa Ukimbu, sababu tano za kuinuka kwao. Uongozi bora, jeshi la rugaruga, bunduki, pembe za ndovu, njia ya misafara. Nikaandika ubaoni, nikawaambia wanakili.

Binti mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono. Akataka kujua kama huyo Nyungu ndiye yule ambaye bibi yake anasema watu walimkimbia wakaishi vichakani. Darasa likacheka. Mimi nikatabasamu tabasamu lile la mwalimu ambaye hana jibu, nikasema swali zuri, tutalirudia kipindi kijacho. Kengele ikaniokoa.

Jioni ile nilirudi nyumbani na aibu kidogo. Nimezaliwa wilaya hii. Nimepita Itigi kwa basi na kwa treni mara zisizohesabika. Nimekariri jina la Nyungu ya Mawe kwa ajili ya mitihani miwili ya taifa na paper moja ya chuo. Lakini sikuwahi kukaa chini hata siku moja kujiuliza kwamba mtu huyu alitawala hapahapa, na kwamba waliokuwa mbele ya mishale na bunduki zake walikuwa babu na bibi zetu. Basi nikaanza kumtafuta upya, na makala hii ni matokeo ya kumtafuta huko.

Jina kwanza

Kijana wa leo ukimtajia nyungu anawaza kujifukiza: blanketi kichwani, sufuria ya majani, jasho. Kwa Wanyamwezi nyungu ni chungu, chombo cha kupikia. Nyungu ya Mawe ni chungu cha mawe. Chungu cha udongo kikidondoka kinavunjika, cha mawe hakivunjiki. Ni jina la sifa, la mtu anayetaka adui alijue kabla hajafika. Na huyu alikuwa na sababu ya kujiita hivyo, maana alikotoka alikuwa ameona chungu cha udongo kikivunjika vipandevipande.

Mtoto wa ikulu iliyovunjwa

Nyungu alikuwa wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, himaya ya Wanyamwezi ambayo ndani yake ulikua mji wa Tabora. Miaka ya 1850 Tabora ilikuwa stesheni kubwa ya misafara. Njia ya kutoka Bagamoyo ilifika pale, kisha ikagawanyika, nyingine kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kwenda Karagwe na Buganda. Waarabu na Waswahili kutoka pwani na Unguja walijenga nyumba zao pale, wakapanda miembe, wakaweka maghala ya nguo, shanga na pembe.

Mtemi Fundikira alifariki mwaka 1858. Baada yake akatawala Mnywa Sele, ambaye aliamua jambo ambalo mtawala yeyote angeliona la kawaida: bidhaa zinazopita katika nchi yake zilipiwe ushuru. Wafanyabiashara wa pwani hawakulipenda. Mwaka 1860 wakamwondoa kwa nguvu, wakamweka Mkasiwa, mtu wa ukoo huohuo aliyekuwa tayari kusikilizana nao. Mnywa Sele akaingia porini. Kwa miaka mitano alipigana vita vya kuvizia, akishambulia misafara na kutoweka. Mwaka 1861 Speke, yule mpelelezi Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, alikutana naye njiani akiwa mtemi asiye na ikulu. Mwaka 1865 alikamatwa na kuuawa.

Nyungu alikuwa upande wa walioshindwa. Naomba hapa tutulie kidogo, kwa sababu desa langu lilikuwa limeruka hatua hii. Mtu huyu hakutokea tu na uongozi bora kama pointi namba moja inavyosema. Aliona jamaa yake akinyang'anywa kiti kwa sababu ya pesa za wageni. Aliona kwamba damu ya kitemi peke yake haimlindi mtu. Aliona pia kwamba miaka mitano ya kuvizia misafara bila kuwa na nchi nyuma yako mwisho wake ni kaburi. Kama angebaki Unyanyembe angekuwa mmoja wa wana wa mfalme wanaongoja zamu isiyofika. Akaondoka na watu wake kuelekea kusini na mashariki. Yaani kuelekea huku kwetu.

Mgunda Mkali

Kabla ya reli, nyika iliyokuwa kati ya Ugogo na Unyamwezi iliitwa Mgunda Mkali. Ukiwa basini leo kutoka Manyoni kwenda Tabora kwa njia ya Itigi unaikata kwa saa chache juu ya lami, umeweka spika za masikioni, hata huoni. Lakini angalia dirishani. Vile vichaka vya Itigi, vile vya matawi yaliyoshikana ambavyo hata mbuzi anafikiri mara mbili kabla ya kuingia, vimejulikana na wataalamu wa mimea duniani kama aina ya pekee ya uoto. Maji ni ya shida. Wapagazi waliokuwa wakipanda kutoka bonde la Bahi, wakiwa wamebeba mizigo mabegani, walijua kwamba wakishaupita ukingo wa ule mteremko mkubwa karibu na Kilimatinde, mbele yao kuna siku nyingi za kiu na hofu. Misafara ilikazana kuvuka bila kusimama.

Katika nyika hii, na kuendelea mbali kusini na magharibi, waliishi Wakimbu. Walikuwa wawindaji wa tembo, warina asali, wakulima wanaohama shamba likichoka. Walikuwa na himaya ndogondogo zaidi ya thelathini, kila moja na mtemi wake, misitu yake na matambiko yake. Nyingine zilikuwa vijiji vichache tu. Mtemi wa Kimbu alikuwa zaidi mtu wa mvua, wa mizimu na wa kuamua kesi kuliko mtu wa vita. Kwa muda mrefu mpango huo uliwatosha, kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye haja ya kuteka msitu usio na maji.

Halafu bei ya pembe za ndovu ikapanda. Ulaya na Marekani zilitaka pembe kwa ajili ya vibao vya piano na mipira ya biliadi, na India ilitaka bangili. Ghafla nyika maskini ikawa na mali mbili: tembo wake, na njia inayopita katikati yake. Nyungu aliliona hilo kuliko wenyeji wenyewe. Mtu anayekaa Mgunda Mkali anashika koo la Tabora. Na Tabora ndiko walikokuwa waliomuua Mnywa Sele.

Rugaruga

Miaka ya 1870 ndipo jina lake lilipoanza kutisha. Jeshi lake lilikuwa la rugaruga, na hapa pia desa lilinidanganya kwa ufupi. Rugaruga hawakuwa kabila wala jeshi la ukoo. Walikuwa vijana waliokosa pa kushika: watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara, mateka wa vita ambao kijiji chao hakipo tena, watoto wa kaya zilizovunjika. Karne ile ilizalisha vijana wa namna hiyo kwa wingi. Wangoni walikuwa wamepanda kutoka kusini mwa Afrika na kufika Ufipa miaka ya 1840, na vikundi vyao vilivyoendelea kaskazini vilifundisha watu wa huku mbinu mpya za vita: vijana wanaoishi pamoja kambini, wanaokwenda mbio, wanaotii mtu mmoja. Ukichanganya mbinu hizo na bunduki za kizamani zilizokuwa zikiingia kutoka pwani, na ukichanganya na bangi iliyovutwa kabla ya shambulio, unapata rugaruga. Walijipamba kwa vitambaa vyekundu, manyoya, na hata vitu vilivyotoka katika miili ya waliowaua, ili ukiwaona tu miguu ikuishie nguvu.

Nyungu mwenyewe alikuwa chongo, na inasimuliwa kwamba hakuwaonea huruma hata askari wake. Aliwaona kama magogo: gogo likiungua, unaongeza jingine motoni. Nilipolisoma hili nilifunga kitabu kwa muda. Wale vijana walimfuata kwa sababu aliwapa chakula, bunduki, mavazi na jina. Kwao ile kambi ndiyo ilikuwa familia. Kwake walikuwa kuni.

Himaya za Kimbu zilianguka moja baada ya nyingine. Hazikuwa na namna ya kujikusanya. Mtemi mmoja akishambuliwa, jirani yake alikuwa mbali, siku mbili za msitu, na pengine alikuwa na ugomvi naye wa zamani. Makao yake makuu Nyungu akayaweka Kiwele, ndani kabisa ya nchi ya Wakimbu. Misafara ikawa inalipa hongo. Neno hilo leo tunalitumia kwa rushwa, lakini enzi zile hongo ilikuwa malipo halali ya kupita katika nchi ya mtu. Asiyelipa alishambuliwa, na wakati mwingine hata aliyelipa. Mwaka 1878 mmishenari Mwingereza aitwaye Penrose aliuawa katika nyika hii pamoja na wapagazi wake, na kifo chake kikahesabiwa juu ya watu wa Nyungu. Huko Ulaya jina lake likaandikwa kama jina la jambazi. Penrose ana jina vitabuni, ila wale wapagazi waliokufa naye hawana.

Kilichomtofautisha

Kama hadithi ingeishia hapo, Nyungu angekuwa mnyang'anyi mmoja katika karne ya wanyang'anyi. Kinachofanya wanahistoria wamrudie ni alichofanya baada ya kushinda.

Hakuwaua watemi wote wa Kimbu wala kuwafukuza wote. Wengi aliwaacha wakae na matambiko yao. Waendelee kuomba mvua, waendelee kubariki mbegu. Lakini juu yao aliweka watu wake, watwale. Kila mtwale alipewa eneo lenye himaya kadhaa ndani yake, na hesabu ya watwale wote haikufika kumi. Mtwale hakuwa mtemi. Hakuwa na haki ya kurithi kiti kwa damu. Alikuwa amewekwa, na aliyemweka angeweza kumwondoa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha pembe za ndovu zinakusanywa na kupelekwa Kiwele, watu wanatulia, na amri ya mkubwa inafika.

Wenzangu wa kozi ya utawala katika elimu mtanielewa haraka. Ni tofauti ya mwalimu mkuu anayejua kila kitu kichwani na shule yenye madaftari. Himaya zaidi ya thelathini ambazo hazikuwahi kuwa na mkubwa mmoja tangu ziumbwe, ndani ya miaka kama kumi zikawa nchi moja yenye makao makuu, wilaya na maofisa. Hakuna mfalme wa jirani aliyemtambua kwa mkataba. Hakuna baraza la wazee wa Kimbu lililomchagua. Alijitangazia dola mwenyewe katikati ya nyika, halafu akaifanya iwe kweli kwa kuipa watu wa kuiendesha.

Mirambo, jirani yake wa kaskazini magharibi, alikuwa maarufu zaidi na bado ni maarufu zaidi. Kuna kambi ya jeshi yenye jina lake Tabora, kuna shule, na Dar es Salaam kuna mtaa. Alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871 mpaka wakalazimika kuafikiana naye, na wazungu walimwandika sana. Lakini dola ya Mirambo ilikuwa Mirambo mwenyewe. Alipokufa tarehe 2 Desemba 1884, nchi alizoziteka zilianza kuchomoka moja moja, kila mtemi akirudi kwake. Ya Nyungu haikuchomoka.

Desemba 1884

Kwa sababu Nyungu naye alikufa mwezi huohuo wa Desemba 1884. Watu wawili walioitikisa bara yote ya kati waliondoka ndani ya majuma machache.

Nilichora mstari wa wakati kwenye karatasi ya manila kwa ajili ya darasa, na nilipoweka tarehe hizo nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye desa. Mkutano wa Berlin ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 na kufungwa tarehe 26 Februari 1885. Mwezi huohuo wa Novemba Karl Peters alifika Unguja, akavuka kwenda bara, akaanza kuzunguka Usagara na majirani zake akikusanya alama za watemi juu ya karatasi wasizoweza kuzisoma. Yaani wakati Nyungu anavuta pumzi yake ya mwisho Kiwele, kuna mabwana waliovaa koti wamekaa mezani Ulaya wakikubaliana kanuni za kugawana Afrika. Nchi aliyoikusanya kwa damu ya watu wengi ilikuwa inaandaliwa mwenyewe mwingine, na yeye hakujua.

Mabinti

Kiti alikichukua binti yake, Mgalula. Hapa ndipo chungu cha mawe kilipojaribiwa. Jeshi la rugaruga lililozoea mtu mmoja wa kutisha, maeneo yaliyotekwa juzi tu, watwale ambao kila mmoja angeweza kusema sasa mimi ni mtemi, na mwanamke anaketi. Ilitarajiwa ivunjike. Haikuvunjika. Mgalula alitawala mpaka mwaka 1893, karibu miaka tisa, na watwale wakaendelea kumtii Kiwele.

Sikuwahi kufundishwa jina la Mgalula. Nilipolipata nilirudi kwenye desa langu kuhakikisha. Halimo. Miaka tisa ya utawala wa mwanamke juu ya nchi ya wapiganaji, katika wilaya ambazo mpaka leo wasichana wetu wanaachishwa shule waolewe, na sisi tunakariri bunduki na bangi. Kama kuna mtu aliyethibitisha kwamba Nyungu alijenga kitu na si kuogopwa tu, ni huyu binti.

Baada yake akaja Msavila, wa ukoo huohuo. Lakini wakati ulikuwa umeshabadilika. Januari 1893 Wajerumani waliivunja ngome ya mtemi Isike pale Tabora, na Isike akaamua kujilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Njia ya misafara sasa ilikuwa yao. Dola yenye mkubwa mmoja katikati ya njia hiyo haikuwa na faida kwao. Mwaka 1895 waliivunja: mamlaka ya Kiwele juu ya maeneo mengine yakaondolewa, kila sehemu ikashughulikiwa peke yake. Wakaweka kituo chao Kilimatinde. Miaka michache baadaye reli ya kati ikapita. Mwaka 1912 ilifika Tabora, na misafara ya wapagazi ikabaki hadithi. Hata rugaruga jina lao lilibaki, maana Wajerumani waliwatumia watu wa aina hiyo kama askari wa msaada katika vita vyao. Dola ya Nyungu, ukiihesabu tangu miaka ya 1870 mpaka 1895, iliishi muda mfupi kuliko umri wa ndugu wengi wanaosoma masters hapa chuoni.

Swali la yule binti

Sasa nirudi darasani, maana deni lilikuwa palepale.

Kabla ya kipindi nilimuuliza bibi yangu. Yeye hakumjua Nyungu kwa jina. Lakini nilipotaja rugaruga aliacha kuchambua mboga. Kwa bibi neno hilo si la historia, ni tusi. Kijana anayepiga watu gulioni ni rugaruga. Aliambiwa na wakubwa wake kwamba zamani watu walijenga tembe zao mbali na njia, wakalima kwa kujificha, na wakawafundisha watoto kutolia wakiwa kichakani. Hajui mwaka wala hajui ni rugaruga wa nani. Lakini vile vichaka vya Itigi ambavyo mimi naviona kama kero ya dirishani, kwa wazee wa bibi yangu vilikuwa nyumba.

Nilikaa na mambo mawili mkononi. Upande mmoja kuna mtu aliyenyimwa haki na wafanyabiashara, akakataa kuwa maskini wa Mungu, akajenga utawala wenye mpangilio ambao wageni waliokuja kututawala wangependa tuamini kwamba Mwafrika hakuwa nao. Upande mwingine kuna mama aliyeziba mdomo wa mwanawe kichakani ili mtu huyohuyo asiwasikie. Nikijaribu kufuta upande mmoja ili somo liwe jepesi, nakuwa nimewadanganya watoto wa watu. Na mbaya zaidi, nakuwa nimemdanganya yule binti kwamba alichosimuliwa na bibi yake ni upuuzi kwa kuwa hakimo kwenye desa.

Basi siku ile nikafuta ubao. Niliacha zile sababu tano, kwa sababu mtihani utaziuliza na siwezi kuwafelisha kwa ajili ya hisia zangu. Chini yake nikachora safu mbili, nikawaambia safu moja waandike nani alifaidika na dola ile, na safu nyingine nani alilipa gharama. Kwa mara ya kwanza tangu nifike darasa halikusinzia. Walijaza ya pili haraka kuliko ya kwanza: wapagazi, watemi wa Kimbu, wanawake, tembo. Kijana mmoja akaweka rugaruga katika safu zote mbili, na nadhani huyo ndiye aliyeelewa kuliko mimi. Kisha nikawaandikia jina la Mgalula na mwaka 1893, nikaona yule binti wa nyuma analinakili polepole, kwa herufi kubwa.

Yule mkaguzi wangu kutoka chuo hakuwapo siku hiyo. Alikuja wiki mbili baadaye nikifundisha kitu kingine cha kawaida, akaniandikia kwamba niboreshe mwandiko wa ubaoni. Sawa.

Ninaandika haya kwenye gazeti la serikali ya wanafunzi kwa sababu nyingine pia. Tuna tabia ya kupenda akina Mirambo. Kila mwaka kunatokea kiongozi mwenye sauti, bumu likichelewa anasimama juu ya meza, tunampigia makofi. Akihitimu anaondoka na kila kitu: namba za simu, barua, hata akaunti ya kikundi. Niliwahi kuwa katika kikundi kimoja cha wanafunzi ambacho kilikufa ndani ya likizo moja kwa sababu mtu mmoja tu ndiye aliyejua neno la siri. Kwa hilo Nyungu ana la kutufundisha, kwamba ukitaka kitu kibaki, weka watu na utaratibu, na mwandae atakayekaa baada yako hata kama wengi hawatamtarajia. Lakini Nyungu huyohuyo anatukumbusha kuuliza utaratibu huo unakusanya nini, na kwa mgongo wa nani. Mjenzi hodari anaweza kuwa amejenga kwa magogo ambayo yalikuwa watu.

Mkipita Itigi likizo hii, toeni spika masikioni kwa dakika kumi muangalie vile vichaka.